Mama anatoka hospitali Ijumaa: nyumba ipi ya wazee niiamini?

SWALI: Msomaji wa Brooklyn Park, Minnesota, ameandika (nimelifupisha): "Mama yangu ana miaka 78 na ni raia wa hapa. Amepata kiharusi. Upande wa kulia umelegea, anahitaji watu wawili kumtoa kitandani, na maji yanampalia. Hospitali inasema Ijumaa atoke aende nyumba ya wazee kwa mazoezi, na huenda akabaki huko. Nimepewa orodha ya nyumba tisa nichague tatu. Mama anaongea Kiswahili na Kikisii. Kiingereza chake kidogo kimepotea tangu augue. Ndugu zangu kule Kisii wanasema namtupa mama. Nitajuaje nyumba ambayo hatadhurika?"

JIBU: Pole sana, dada, kwa ugonjwa wa mama. Nimekuwa muuguzi katika nyumba za wazee hapa Marekani kwa miaka mingi, sehemu kubwa zamu za usiku, na nitakujibu kama ambavyo ningemjibu mdogo wangu.

Mama hatalindwa na jengo. Atalindwa na ma-CNA, yaani wasaidizi wa wauguzi wanaomwosha, kumlisha na kumgeuza: ni wangapi kwenye zamu, ni walewale wa mwezi uliopita au ni wageni kila juma, na wanamjua mama au wanasoma jina lake mlangoni. Ukumbi wenye piano na maua mapya unapendeza, lakini haumgeuzi mtu kitandani saa tisa usiku. Kila utakachosoma na kila utakachoambiwa wiki hii, jiulize kinakwambia nini kuhusu mikono itakayomshika mama.

Kuhusu ndugu zako, waambie ukweli kwa utulivu. Mama anahitaji watu wawili kumnyanyua, mtaalamu wa kumfundisha kumeza upya, na muuguzi wa kumwangalia usiku kucha. Hayo huwezi kuyatoa peke yako sebuleni baada ya kutoka kazini. Mzee aliyetupwa namjua: ni yule ambaye hakuna mtu anayeuliza habari zake. Wewe unauliza kabla hata hajaingia.

Sasa hiyo Ijumaa. Siyo amri ya mahakama. Hospitali inapaswa kukupa notisi ya Medicare (bima ya afya ya serikali kwa wazee) inayoeleza haki ya kupinga kutolewa mapema. Ukiona mama hayuko tayari, piga simu iliyo kwenye notisi hiyo kabla siku ya kutoka haijaisha. Kesi itapitiwa haraka na watu wasio wa hospitali, na mama ataendelea kulala pale wakati wanaamua. Pia uliza swali moja ambalo watu wengi hulijua wakiwa wamechelewa: je, mama amelazwa rasmi, au yuko "kwenye uangalizi" tu? Medicare ya kawaida hulipia nyumba ya wazee baada ya siku tatu za kulazwa rasmi, na siku za uangalizi hazihesabiwi hata kama alilala kitanda kilekile. Kama mama yuko kwenye mpango wa Medicare Advantage, yaani Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi ya bima, masharti ni tofauti: nyumba lazima iwe kwenye mtandao wao, kwa hiyo wapigie leo na upunguze orodha yako kabla hujaanza kuzunguka.

Zilizobaki zitafute kwenye tovuti ya Medicare, sehemu inayoitwa Care Compare. Utaona nyota, moja hadi tano, na watu wengi huishia hapo. Usiishie hapo. Nyota ya jumla imeundwa na vitu vitatu: ukaguzi wa afya, idadi ya wafanyakazi, na vipimo vya ubora. Vipimo vya ubora hutoka kwa sehemu kubwa katika taarifa ambazo nyumba yenyewe hujaza. Ukaguzi hufanywa na watu wa jimbo wanaoingia bila kupiga hodi, kwa kawaida kila baada ya miezi tisa hadi kumi na tano. Idadi ya wafanyakazi hutoka kwenye orodha ya mishahara. Kwa hiyo nyumba yenye nyota tano za vipimo vya ubora na mbili za ukaguzi, mimi naiona kama nyumba ya nyota mbili. Na kumbuka nyota za ukaguzi hutolewa kwa kulinganisha nyumba za jimbo moja: asilimia 10 za juu hupata tano, asilimia 20 za chini hupata moja. Usilinganishe nyota za Minnesota na zile anazokusimulia binamu yako wa Texas.

Ukiona alama nyekundu yenye kiganja cha mkono kando ya jina la nyumba, maana yake ni kwamba imeandikiwa kosa la kudhulumu wakazi. Nyumba hiyo itoe kwenye orodha yako.

Kisha fungua ripoti yenyewe ya ukaguzi, fomu namba 2567. Ni ndefu, lakini inasomeka kama hadithi: mkazi fulani, siku fulani, saa fulani, nini kilitokea. Kila kosa lina herufi kutoka A hadi L. Nyingi utakuta ni D au E, yaani kosa lipo lakini halijaumiza mtu vibaya. Usiogope kila D. Kuanzia G, mkazi ameumia kweli. J, K na L ni hatari ya papo hapo ya maisha. Mimi ninachotafuta hasa ni kosa lilelile likirudi mwaka hadi mwaka, kwa sababu nyumba inayoandikiwa vidonda vya kulala mara mbili mfululizo haina watu wa kugeuza wagonjwa, haijalishi mpango wa marekebisho walioandika una maneno mazuri kiasi gani. Kwa mama yako, soma kwanza yaliyoandikwa kuhusu vidonda, kuanguka, kupaliwa, na kuchelewa kuitikia kengele.

Hesabu ya wafanyakazi ndiyo naitaka uielewe vizuri kuliko yote. Tovuti itakuonyesha saa za huduma kwa kila mkazi kwa siku. Chukua mfano: ma-CNA saa 2.4. Inasikika kama mama atakuwa na mtu pembeni kwa saa mbili na nusu. Sasa ipige upya. Kwenye upande wenye wakazi 30, saa 2.4 mara 30 ni saa 72, yaani zamu tisa za saa nane. Wakigawanywa, asubuhi watakuwa wanne, jioni watatu, usiku wawili. Usiku kila CNA ana watu 15. Mama anahitaji watu wawili kumnyanyua. Wakati wote wawili wako kwake, wale 29 wengine hawana mtu. Na wakati wako kwa wengine, mama anasubiri. Utafiti uliofanyiwa serikali ya shirikisho mwaka 2001 ulifikia saa 4.1 kwa jumla, kati yake 2.8 za ma-CNA, kuwa kiwango ambacho chini yake madhara kwa wakazi yanaanza kuonekana. Nyumba nyingi hazifiki hapo. Lakini zipo zinazokaribia na zipo zilizo mbali mno, na tofauti hiyo ndiyo unayoitafuta. Angalia pia saa za wikendi, ambazo zimeandikwa peke yake, na asilimia ya wafanyakazi walioacha kazi ndani ya mwaka. Nyumba inayopoteza zaidi ya nusu ya wauguzi wake kila mwaka haiwezi kumjua mama yako.

Sheria ya shirikisho inataka muuguzi aliyesajiliwa, yule tunayemwita RN, awepo angalau saa nane kwa siku, siku zote saba. Saa zilizobaki inatosha kuwa na muuguzi mwenye leseni ya chini yake. Kwa mgonjwa wa kiharusi, uliza wazi: "Usiku kuna RN ndani ya jengo, au yuko nyumbani kwake kwenye simu?"

Minnesota mna bahati moja ambayo majimbo mengi hayana. Jimbo lina tovuti yake ya kupima nyumba za wazee, yenye majibu ya wakazi wenyewe na familia zao waliohojiwa. Isome sambamba na ile ya Medicare. Angalizo dogo: nyota za Medicare hazihusu zile nyumba za kuishi kwa msaada wala grup homu ambazo ndugu zetu wengi wanaziendesha. Ukikuta nyumba haimo kwenye Care Compare, huenda ni ya aina hiyo, na kwa hali ya mama ya sasa sidhani kama ndiyo inayomfaa.

Bakisha nyumba tatu au nne, halafu nenda. Usiende saa nne asubuhi kwa miadi. Saa hiyo meneja yupo, sakafu imepigwa deki, na mhudumu wa mapokezi atakutembeza pale anapotaka uone. Nenda saa moja jioni, bila kutangaza. Kama ungekuwa na wikendi mbele yako ningekwambia Jumapili mchana.

Ukiingia, tafuta ukutani karatasi ya wafanyakazi wa siku hiyo. Sheria inawataka waibandike mahali pa wazi kila siku, ikionyesha wakazi ni wangapi na wauguzi na ma-CNA wako wangapi kila zamu. Ikiwa ni ya juzi, umeshajua kitu. Halafu hesabu watu unaowaona kwa macho na ulinganishe. Ripoti ya ukaguzi wa mwisho nayo lazima iwe mahali ambapo mtu anaweza kuisoma bila kuomba ruhusa.

Simama kwenye korido robo saa. Taa ya kengele ikiwaka juu ya mlango, tazama saa yako. Dakika tano ni kawaida. Dakika ishirini huku wafanyakazi wanapita bila kugeuza shingo ni jibu tosha. Harufu ya mkojo kwenye mlango mmoja haina neno, kuna mtu anabadilishwa. Harufu kwenye korido nzima, au marashi makali yaliyopulizwa kuifunika, ina maana kwamba watu wanakaa na nepi zilizolowa. Chungulia vyumba vilivyo wazi na utafute glasi ya maji. Iko mahali ambapo mkono wa mgonjwa unafika, au iko kwenye meza iliyosukumwa hadi dirishani? Mtu aliyelegea upande wa kulia, glasi na kitufe cha kengele vikiwekwa kulia, ni sawa na kutokuwa navyo. Nimeona wazee wakiishiwa maji mwilini hivyohivyo, kila siku kidogo, bila mtu kuwafanyia ubaya wowote wa makusudi.

Fika wakati wa chakula cha jioni ikiwezekana. Angalia wale wanaolishwa: anayewalisha amekaa usawa wa macho yao na anasubiri wameze, au amesimama na kijiko kinafuatana na kijiko? Kwa mama hili ni suala la uhai, maana chakula kinachoingia mapafuni huleta nimonia. Uliza mtaalamu wa kumeza huja siku ngapi kwa wiki, na nani anapima uzito wa vinywaji vya waliopewa amri ya vinywaji vizito. Hapo hapo nikutahadharishe na uji. Najua utataka kumpelekea mama uji wa wimbi, na umpelekee, utamrudishia hamu ya kula. Lakini mwonyeshe kwanza yule mtaalamu, aseme uwe mzito kiasi gani, na uandikwe kwenye mpango wa huduma. Uji mwepesi uliotiwa kwenye chupa kwa upendo unaweza kumrudisha mama hospitali.

Zungumza na watu. CNA mmoja, kwa sauti ya chini: "Leo una wakazi wangapi? Umekuwa hapa muda gani?" Wengi hawatakudanganya, Minnesota huenda hata ukamkuta wa kwenu. Kila nyumba lazima iruhusu baraza la wakazi. Omba kuonana na mwenyekiti wake. Mzee mwenye akili timamu anayeishi pale atakwambia mambo ambayo hayamo kwenye tovuti yoyote.

Suala la lugha usilichukulie kama la heshima tu; ni la usalama. Mgonjwa asiyeeleweka hupiga kelele, hukataa kuguswa, hujaribu kushuka kitandani mwenyewe kwenda chooni. Asipoeleweka kwa siku kadhaa, mtu huandika kwenye faili kwamba "ana vurugu", na baada ya hapo hufuata dawa za wagonjwa wa akili za kumtuliza. Tangu mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani imezitaka dawa hizo zibebe onyo kali kwamba zinaongeza vifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu (dementia). Kwenye Care Compare utaona asilimia ya wakazi wanaopewa dawa hizo. Linganisha nyumba zako. Siku ya kwanza sema kwa maandishi kwamba hakuna dawa ya aina hiyo itakayoanzishwa bila wewe kupigiwa simu na kuelezwa sababu, ikiwa mama amekupa mamlaka ya kumwamulia mambo ya afya. Kama bado hajakupa na akili yake inaelewa, maliza karatasi hiyo hospitalini kabla ya Ijumaa.

Nyumba inayopokea fedha za serikali ya shirikisho inatakiwa kutoa mkalimani bila malipo. Uliza: "Saa nane usiku mama akilia, mtamwelewaje?" Jibu zuri ni simu ya ukalimani ambayo kila muuguzi anajua kuitumia, na muuguzi akuonyeshe iko wapi. Jibu baya ni "tutakupigia wewe." Na wewe bandika juu ya kitanda karatasi yenye herufi kubwa: maji, choo, naumwa, baridi, nigeuze, kwa Kiswahili na Kikisii, tafsiri pembeni, na jinsi ya kutamka. Weka na picha ya mama akiwa mzima, amevaa vizuri. Nimeona jinsi wasaidizi wanavyobadilika wakijua kwamba huyu alikuwa mwalimu, au alilea watoto wanane.

Moto na umeme nitavipita haraka. Tangu 2013 nyumba zote zilizo chini ya Medicare na Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) zinatakiwa kuwa na vinyunyizio vya maji darini. Uliza jenereta inaendesha nini: taa tu, au na joto pia? Mwaka 2017 baada ya kimbunga Irma, nyumba moja ya Hollywood, Florida, ilipoteza kiyoyozi na wakazi 12 wakafa kwa joto. Kwenu hofu ni baridi ya Januari.

Karatasi za kuingilia zitakuja nyingi, siku ambayo umechoka. Soma mbili kwa makini. Ya kwanza itakutaka usaini kama "mhusika" wa malipo. Sheria ya shirikisho hairuhusu nyumba kumlazimisha mtoto au ndugu kudhamini deni kwa pesa zake ili mzee apokelewe. Saini kwa niaba ya mama tu, na uandike hivyo kando ya jina lako. Ya pili ni makubaliano ya usuluhishi, yanayokuondolea haki ya kwenda mahakamani mama akiumizwa. Hawaruhusiwi kuifanya sharti la kupokelewa, na hata ukisaini una siku 30 za kubatilisha. Mimi nisingesaini.

Pesa: Medicare hulipa siku 20 za kwanza kikamilifu, kisha hadi siku ya 100 mama atachangia zaidi ya dola 200 kwa siku asipokuwa na bima ya nyongeza, na hata hizo ni kama bado anahitaji mazoezi au uuguzi wa kitaalamu. Baada ya hapo hailipi. Kwa hiyo nyumba iwe inapokea Medicaid, na uulize kama Medicaid inalipia kitanda chenyewe atakachopewa, ili asihamishwe tena akiwa ameshazoea.

Akishaingia, kazi yako ndiyo inaanza. Ndani ya saa 48 wanapaswa kuwa na mpango wa awali wa huduma, omba nakala. Nenda kwa saa tofauti kila mara, leo asubuhi, kesho usiku, na wajue kwamba huna ratiba. Kila ukifika, funua blanketi uangalie visigino, hasa cha kulia asichokihisi vizuri. Visigino vikae hewani, mto ukiwa chini ya muundi. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu wa mwanzo hauonekani, na wauguzi wengi walifundishwa kutafuta wekundu. Wewe gusa kwa mgongo wa mkono: mahali palipo na joto au ubaridi kuliko jirani yake, pagumu au palipolegea, au pameiva rangi ya zambarau, mwite muuguzi hapo hapo aandike. Angalia makalio na kiunoni wakati wa kumbadilisha. Omba apimwe uzito kila wiki mwezi wa kwanza na uandike mwenyewe.

Ukiona kosa, anza na muuguzi wa zamu, kisha mkurugenzi wa uuguzi, kwa maandishi yenye tarehe na saa. Wasipotengeneza, mpigie ombudsmani wa huduma za muda mrefu wa Minnesota. Huduma yake ni ya bure na kazi yake ni kumtetea mkazi. Mpigie hata leo umsomee orodha yako, akwambie ni malalamiko ya aina gani hupokea kutoka nyumba hizo. Idara ya afya ya jimbo nayo hupokea malalamiko na hutuma wakaguzi. Kumlipizia mkazi kwa sababu familia imelalamika ni kosa la kisheria. Tangu Januari 2020 sheria ya Minnesota inaruhusu pia kamera chumbani kwa ridhaa ya mkazi, na ya mwenzake wa chumba kama yupo.

Kama baada ya wiki tatu moyo wako na daftari lako vinasema hapana, mama anaweza kuhamishwa. Siku ya kwanza omba jina lake lishike foleni kwenye ile nyumba yako ya pili, na usilifute hata kama ya kwanza inaanza vizuri. Ukikwama kwenye ripoti za 2567, niandikie herufi ulizozikuta na kosa lililotajwa, nami nitakusomea zina uzito gani kwa mgonjwa wa hali ya mama.